Udongo Uwahi Ungali Maji

Wahenga walinena kuwa udongo uwahi ungali maji. Ni methali ambayo aghalabu haikosekani katika karatasi za mitihani ya Kiswahili, na jibu lake linajulikana. Mtahiniwa huanza kwa kueleza kwamba methali yenyewe imetokana na kazi ya mfinyanzi, ambaye hana budi kuufinyanga udongo kabla haujakauka. Kisha huongeza kwamba mtoto hulelewa angali mdogo, na kwamba jambo hushughulikiwa kabla halijakomaa. Akishayasema hayo hupata alama zake zote na kuendelea na swali linalofuata.

Kijana mmoja, mzaliwa wa uwanda wa Kano na mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo nchini Kenya, alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi na kusifiwa kwalo. Haikupata kumpitikia kwamba udongo unaotajwa na wahenga ungeweza kuwa udongo wenyewe, ule uliomganda miguuni tangu utotoni akienda shule. Ilimbidi arudi nyumbani baada ya mafuriko ya masika ya mwaka wa 2024 ndipo atambue kuwa methali aliyoifafanua kwa ufasaha hakuwa ameielewa hata nusu.

Uwanda wa Kano umelala mashariki ya mji wa Kisumu, kati ya Ziwa Victoria na genge refu la milima ya Nandi. Anayesimama Ahero na kutazama kaskazini huiona milima hiyo imejipanga kama ukuta wa samawati. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na uwanda hauliachi mbali kwa kimo. Huko juu, kwenye mashamba ya majani chai ya Nandi, ardhi inakaribia au kupita mita 2,000. Mto Nyando hukusanya maji kutoka nyanda hizo za juu, upande wa Nandi, Tinderet na Londiani, katika bonde lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3,500. Unateremka kwa kasi hadi uwandani, na ufikapo mahali patambarare hupoteza nguvu zake kwa ghafla, mithili ya mbebaji mzigo aliyefika mwisho wa safari.

Mto unaopoteza nguvu huutua mzigo wake kwa utaratibu. Chembe nzito za mchanga hutangulia kuanguka, nazo hujirundika karibu na kingo. Chembe laini kabisa, ambazo ndizo mfinyanzi, huelea hadi mbali na kutua mahali maji yanaposimama. Kwa sababu hiyo, kingo za mto wa uwandani huwa zimeinuka kidogo kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Maji yakishazipita kingo hizo hayana njia ya kurudi mtoni. Hubaki huko nyuma wiki baada ya wiki, juu ya udongo ambao haukubali kuyanywa. Aliyejenga karibu na mto hufikiwa na gharika kwanza, lakini hukaukiwa mapema. Aliyejenga mbali huicheka gharika siku ya kwanza, akaililia mwezi mzima.

Nyumba ya mamaye kijana huyu ilikuwa miongoni mwa zile za mbali.

Watoto wa shule za msingi hufunzwa kuwa udongo ni wa aina tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Hufunzwa pia kuwa kichanga hupitisha maji upesi, mfinyanzi huyazuia, na tifutifu ndio unaofaa kwa kilimo. Mafunzo hayo si ya uongo, ila yanauonea udongo mweusi wa Kano. Mfinyanzi wake si mfinyanzi wa kawaida. Chembe zake zimeundwa kwa matabaka membamba mno ambayo maji huweza kupenya katikati yake na kuyatanua. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Wataalamu huuita vertisoli, neno lenye asili ya Kilatini linaloashiria kugeuka, kwa kuwa ni udongo unaojigeuza wenyewe. Duniani umeenea katika takriban hekta milioni 335, nyingi zikiwa India, Sudan, Ethiopia na Australia.

Namna unavyojigeuza inastahili kuelezwa, maana inaitia majaribuni methali nyingine mashuhuri. Kiangazi kikishika, baina ya Desemba na Februari, uwanda hupasuka. Nyufa hujichora ardhini kama wavu, nyingine zikiwa na upana wa kumeza mguu wa ndama na kina cha kupita nusu mita. Upepo, kwato za mifugo na miguu ya watu huyaangusha makombo ya udongo wa juu ndani ya nyufa hizo. Mvua zinyeshapo, maji hutiririka kwanza nyufani kwa wingi, na mgeni hudhani kwamba ardhi ina kiu isiyokatika. Punde si punde mfinyanzi huvimba, nyufa hufumba, na mlango hufungwa. Toka hapo tone jingine haliingii ila kwa shida kubwa. Hapo ndipo tatizo linapozuka. Mahali palipokuwa wazi sasa pamejaa makombo, na udongo uliovimba hauna nafasi ya kurudia. Husukumana wenyewe kwa wenyewe, vipande vikateleza juu ya vingine hadi vikang'aa kama vilivyosuguliwa kwa mafuta, na uso wa ardhi ukainuka hapa na kubonyea pale.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Babaye kijana, alipokuwa hai, aliishika kauli hiyo kwa uaminifu. Kila Januari aliyaona makuta ya nyumba yake yamepasuka, naye kila Januari aliziba kwa saruji. Ilipofika Aprili msingi ulivimba, ufa ukataka kufumba, saruji ikaukatalia. Ukuta ukapasuka kando ya pale palipozibwa. Baada ya miaka kumi na mitano nyumba ilikuwa na makovu mengi kuliko madirisha, na hatimaye ukuta wa nyuma ukajengwa upya. Kumbe katika udongo wa Kano, wakati mwingine ufa unaozibwa ndio unaojengesha ukuta! Methali haikuwa na kosa. Ilitungwa juu ya ardhi nyingine, na kila methali ina ardhi yake.

Maji yanaposimama juu ya udongo huo, mabadiliko mengine hutendeka chini kwa siri. Maji hujaza matundu yote na kuifukuza hewa. Viumbe wadogo waliomo udongoni humaliza oksijeni iliyosalia katika siku chache, kisha hugeukia vitu vingine ili wapate kuishi. Huitumia naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti, nayo ikapaa hewani kama gesi. Ndiyo maana mahindi yaliyosimama majini hugeuka manjano japo yametiwa mbolea. Huigeukia pia kutu ya chuma, ile inayoutia udongo rangi nyekundu, na kuiyeyusha. Chuma kikishayeyuka udongo hupauka, ukawa kijivu au ukapata rangi ya kibuluu. Maji yakikawia zaidi hutokea ule uvundo wa yai bovu unaofahamika na kila aliyewahi kukanyaga dimbwi la Mei. Maji yakitoweka na hewa ikirejea, chuma huganda tena kama madoa ya kutu kandokando ya mizizi na nyufa. Hivyo anayechimba shimo katika uwanda huo anaweza kusoma, kwa rangi peke yake, ni wapi maji hukaa na kwa kiasi gani, kama anavyosoma mtu alama za wino kwenye karatasi.

Mpunga umejua kuishi humo kwa kuwa una mirija ya kupitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini. Si ajabu basi kwamba mradi wa unyunyizaji wa Ahero, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, uliuchagua mpunga. Udongo usiopitisha maji ni balaa kwa mahindi, lakini kwa mpunga ni kama sufuria isiyovuja. Ubaya wa udongo haukuwa katika udongo peke yake. Ulikuwa pia katika kile ulichoombwa kuzaa.

Lakini mwanadamu hali mpunga tu. Anahitaji choo, kisima na kaburi, na vyote vitatu huchimbwa ardhini. Uwandani Kano, masika yanapozidi, shimo la choo hujaa na kumwagika, kisima huchafuka, na maradhi ya kuhara huzuka. Mei hiyo ya 2024 jirani mmoja alifariki, na kila kaburi lililochimbwa likajaa maji kabla jua halijatua. Mazishi yaliahirishwa mara mbili. Mambo hayo ndiyo yaliyomfanya baba mdogo wa kijana aitishe kikao cha familia.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe wakati matope yalikuwa yangali yanatoa mvuke. Baba mdogo alizungumza kwa upole, akimwelekea mamaye kijana. "Shemeji, mimi nimechoka kuhama na kuhamua. Kila mwaka ni magodoro juu ya kichwa, kila mwaka ni watoto kulala madarasani. Tuuze tupande juu, karibu na genge. Ardhi ya huko ni nyekundu na maji hayasimami."

Mama alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na ndugu yako tutamwacha na nani?"

Aliyetajwa alikuwa marehemu mumewe, aliyezikwa hatua chache kutoka pale walipoketi. Hata saruji ya kaburi lake ilikuwa imepasuka kwa mwendo wa ardhi, na upande mmoja umezama kidogo.

Kijana, akiwa na kitabu cha elimu ya udongo alichoazima kwa rafiki yake wa kitivo cha kilimo, alidhani kwamba zamu yake ya kusaidia imefika. Alieleza habari za mfinyanzi unaovimba, maji yaliyotuama na chuma kinachoyeyuka. Alihitimisha kwa kusema kuwa sayansi inakubaliana na baba mdogo: udongo ule ni mbovu kwa makazi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima ambayo wazazi huwapa watoto waliosoma. Kisha alisema, "Mwanangu, hayo yote ni kweli. Lakini kitabu chako kimesema udongo huu ulitoka wapi?"

Swali hilo lilimkalisha kijana usiku kucha. Jibu alilipata katika kitabu kilekile, na ndani yake alikutana, pasipo kutarajia, na neno la Kiswahili.

Katika miaka ya 1930 kulikuwa na mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Alipokuwa akiandaa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki, iliyotoka mwaka wa 1936, alitatizwa na jambo moja. Kila mlima alioushuka ulikuwa na udongo mwekundu juu na udongo mweusi chini, tena kwa mpango uleule, mlima baada ya mlima. Aliona kuwa haiwezekani kuuchora udongo wa juu peke yake na wa chini peke yake, kwa kuwa ni pete za mnyororo mmoja. Akaupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya mnyororo, na jina hilo likaenea katika elimu ya udongo ulimwenguni kote.

Mnyororo wenyewe hufanya kazi hivi. Mvua ya mlimani hupenya ardhini na kuziosha chumvichumvi za mwamba kama vile kalisiamu, magnesiamu na silika. Juu hubaki chuma na mfinyanzi mtulivu usiovimba, na udongo ukawa mwekundu. Vilivyooshwa huteremka na maji hadi bondeni, vikakwama mahali maji yanapokwama, na hapo ndipo mfinyanzi unaovimba unapoumbika. Udongo mwekundu wa juu na mweusi wa chini unaweza kuwa umetoka katika mwamba mmoja. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa ametoa na mwingine akiwa amepokea. Uwanda ni daftari linaloandikwa na mlima. Msitu ukifyekwa juu, Nyando hushuka na tope zaidi, tope hujaza mkondo wa mto, na mto uliojaa hutafuta njia nyingine kwenye mashamba na nyumba za watu. Kumhukumu Kano bila kumwita Nandi na Tinderet shahidi ni kusikiliza kesi ya upande mmoja.

Na jina la ule udongo mweusi wa chini? Wataalamu wa Tanganyika hawakulitafuta mbali. Waliuita udongo wa mbuga. Wenyeji walikuwa na neno kwa ajili ya nyika tambarare, yenye udongo mweusi unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi, nao wageni wakaliazima neno hilo na kulitia katika maandishi yao ya Kiingereza.

Kijana alishangaa. Kwake yeye, kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa Kenya, mbuga ni mahali pa wanyamapori, penye lango na tikiti. Maana ya udongo ilikuwa imemponyoka kabisa. Nyumbani kwao kila mtu aliutaja udongo ule kwa Kiingereza, kwa jina la udongo mweusi wa pamba. Jina hilo nalo ni mhamiaji, kwani lilitokana na udongo mweusi wa nyanda za Dekani huko India, ulikokuwa ukilimwa pamba. Alitambua hapo kuwa lugha ndogo na kubwa zimechangia msamiati wa elimu hii. Warusi walitoa jina la udongo wa kijivu uliokosa hewa. Wenyeji wa asili wa Australia walitoa jina la vile vibonde na vichuguu vinavyoinuliwa na udongo unaojigeuza. Kiswahili nacho kilikuwa kimetoa neno lake, kisha wenye lugha wakalisahau. Lilikuwa limehifadhiwa na wageni!

Asubuhi aliporudi kwa mamaye, hakuanza kwa kueleza. Aliuliza. Mama alimpeleka shambani, akamwonyesha ukanda mwembamba wa ardhi ulioinuka kidogo kuliko mwingine, wenye udongo mwepesi wa kichanga. Alisema hapo mto ulipita zamani, kabla yeye hajaolewa. Mkwewe ndiye aliyemwonyesha. Maji ya Mei yalikuwa yamefika hapo usawa wa kifundo cha mguu tu, na yalikuwa yameondoka baada ya siku nne. Kijana alikumbuka habari za mto na utaratibu wake wa kutua mzigo. Kitabu na bibi yake, ambaye hakupata kusoma, vilikuwa vimesema jambo moja.

Uamuzi wa familia haukuwa mmoja. Baba mdogo alipata kiwanja karibu na genge akahama na wanawe, na hakuna aliyemlaumu. Mtu aliyebeba watoto gizani majini hahitaji kujieleza. Mama alibaki. Nyumba yake mpya ilisimamishwa kwenye ule ukanda wa mto wa kale, juu ya kifusi cha changarawe kilichoinuliwa hadi magotini, kwa kuta nyepesi za mabati na mbao zinazostahimili kusukumwa. Hakuna aliyejidanganya kwamba mafuriko yamekwisha.

Machi ya mwaka uliofuata, mama alimpigia kijana simu. Baba mdogo hakuwapo tena, na maksai walihitaji mtu wa kuwaongoza. "Mvua ya kwanza imepita," alisema. "Udongo uko tayari. Njoo." Kijana alikuwa akikamilisha insha ya darasani kuhusu methali, iliyopaswa kuwasilishwa siku ya pili yake. Alimwomba mama amvumilie. Aliiwasilisha insha, akapanda gari la usiku, akafika siku ya tatu alfajiri.

Alikuta majirani wamekwisha kulima. Usiku uliotangulia mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Shamba la mama peke yake lilikuwa halijaguswa, na lilimeremeta maji toka mpaka hadi mpaka. Plau ilikuwa imeegemezwa ukutani, kavu.

Mama hakumkemea. Aliinama, akachota bonge la udongo, akalifinya. Lilitambaa baina ya vidole vyake na kumpaka kiganja chote. "Juzi," alisema, "ungelifinya hivi lingeshikana, na ukiliangusha lingevunjika vipande. Hiyo ndiyo siku yake. Kabla ya siku hiyo ni jiwe, maksai hawawezi. Baada yake ni uji, ukililima litakauka matofali. Siku yenyewe ni mbili, zikizidi ni tatu. Haingoji mtu."

Kijana alisimama pale, viatu vikizama polepole. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika kwamba methali ile inahimiza kufanya jambo mapema, na sasa aliona kuwa hiyo ni nusu yake. Udongo wa mbuga huadhibu wanaowahi mno kama unavyoadhibu wanaochelewa. Neno *ungali* ndilo lililobeba uzito wote: hali fulani ambayo ipo sasa, ambayo haikuwapo jana, na ambayo kesho haitakuwapo. Anayeitambua ni yule aliyeushika udongo mkononi, siyo aliyeusikia darasani.

Mwaka huo mama alivuna mpunga kidogo kwenye kipande alichokopeshwa na jirani. Shamba lake lenyewe lilikaa na nyasi. Insha ya kijana ilipata alama nzuri.

Tangu hapo, kila arudipo likizo, hubeba daftari. Humo huandika maneno ya mamaye na ya wazee wenzake: majina ya udongo wa kila pembe ya uwanda, dalili za maji yanayokuja na ya yale yanayoondoka, mahali mto ulipopita na mwaka ulipohama. Kwa kila neno hujaribu kutafuta la Kiswahili linaloweza kusimama kando yake, na anapolikosa huacha nafasi tupu. Nafasi hizo ni nyingi. Wengi wa wazee hao wamepita umri wa miaka 70, na mmoja wao alizikwa Agosti, ardhi ilipokuwa imekauka vya kutosha.